Mkasi, gundi na robo saa

Mpenzi msomaji, hebu ichukue simu yako uangalie ina picha ngapi. Usizihesabu moja moja, maana huenda ukakesha. Tazama tu tarakimu iliyoandikwa. Ni elfu moja? Elfu tatu? Sasa jiulize swali la pili. Mgeni akibisha hodi jioni ya leo na simu imeishiwa na chaji, utamwonyesha picha ngapi za jamaa yako? Katika nyumba nyingi za mjini jibu ni picha ya harusi iliyotundikwa ukutani, ya mahafali ya kifungua mimba, na pengine ile ya kalenda ya kanisa ambayo haina hata mtu mmoja wa nyumba hiyo.

Sisemi haya ili kuzisuta simu. Ninayo yangu na ndiyo kamera yangu. Nayasema ili tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulitamani kimoyomoyo kisha tukaliahirisha mwaka baada ya mwaka, nalo ni kupiga picha kwa makini, na kuzitumia picha hizo pamoja na karatasi, vitambaa, rangi na maandishi ya mkono kutengeneza kitu ambacho watu wa nyumba wanaweza kukizunguka mezani na kukishika. Kila ninapoligusia jambo hili mbele ya rafiki zangu, jibu lao ni moja: "Ni jambo zuri, lakini nitatoa wapi muda?"

Swali hilo ni la haki. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akawatayarisha watoto, akapanda matatu, akashinda kazini, kisha akarudi usiku baada ya kukaa saa nzima katika msongamano wa magari wa Jogoo Road, hawezi kuambiwa kwa wepesi tu kwamba aketi akate karatasi. Kwa hivyo nitaanza na sababu, halafu tufike kwenye muda. Aghalabu binadamu hapati nafasi ya jambo ambalo hajaiona faida yake.

Mali bila daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo wanaipenda sana wenye maduka, lakini mimi naiona kuwa inawahusu wenye jamaa zaidi.

Nyanya yangu alifariki kwao Wundanyi akiwa na zaidi ya miaka 80. Tulipokuwa tukiandaa kijitabu cha ratiba ya mazishi, binamu yangu alipewa kazi ya kutafuta picha ya kuweka kwenye jalada. Tulipekua masanduku, tukainua magodoro, tukawapigia simu shangazi na wajomba. Ikapatikana picha moja ya arusi ya mjomba, nyanya akiwa nyuma ya watu, nusu ya uso imefichwa na kofia ya mgeni. Ikapatikana nyingine iliyokuwa imetafunwa na mende hadi shingoni. Picha nzuri ambazo binamu alikuwa amempiga kwa simu zilikwenda na simu yenyewe, iliyoporwa kwenye kituo cha matatu. Mwishowe tukaitoa ile ya kitambulisho, tukaikuza, na ndiyo iliyokaa juu ya jeneza.

Unazijua picha za vitambulisho, msomaji. Macho yamekodolewa, midomo imebanwa, na mtu anatazama mbele kama aliyeitwa kortini.

Kijitabu kile kilibaki kwenye rafu ya sebule yangu. Miaka miwili baadaye binti yangu, ambaye alikuwa mdogo mno kumkumbuka marehemu, alikichukua akakitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Mama, nyanya yako alikuwa mkali sana?"

Mkali! Mwanamke ambaye kicheko chake kilisikika kutoka mtoni hadi barabarani! Aliyewapachika majirani zake wote majina ya utani, na aliyeweza kuigiza sauti ya chifu hadi chifu mwenyewe akashika mbavu! Nilimweleza binti yangu yote hayo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akarudisha macho kwenye picha, nami nikatambua kwamba anaiamini picha kuliko maneno yangu. Nyanya alikuwa anazikwa mara ya pili, na safari hii alikuwa anazikwa akiwa mtu mwingine.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye duka la fotokopi nikaikuza tena ile picha ya kitambulisho. Shangazi alinitumia kipande cha leso ya nyanya kilichokuwa kikitumiwa kufunikia sinia. Tulikata boksi la sabuni, tukabandika picha katikati, tukashona leso pembeni kwa uzi na sindano, tukabandika punje za maharagwe aina aliyozoea kupanda. Binti yangu akachora migomba na kuku. Mimi nikampigia simu shangazi, nikaandika kwa kalamu kuzunguka picha maneno aliyonisimulia, kwa Kiswahili chake vilevile alivyoyatamka.

Kazi ilipokwisha uso ulikuwa uleule wa kitambulisho, midomo imebanwa kama kawaida. Lakini binti yangu hakuuliza tena juu ya ukali. Aliuliza, "Chifu alipewa jina gani la utani?" Na tangu siku hiyo maswali juu ya nyanya hayajaisha nyumbani kwangu.

Mseto wa sufuria na mseto wa meza

Kile tulichokitengeneza siku hiyo wasanii hukiita sanaa ya mseto. Neno hili ni letu na halihitaji kamusi. Mseto ni mchele uliopikwa pamoja na choroko. Kila punje unaiona ilivyo, lakini chakula ni kimoja. Ndivyo ilivyo sanaa hii. Picha inabaki picha, kitambaa kinabaki kitambaa, mwandiko unabaki mwandiko, ila vikiwekwa pamoja vinasema jambo ambalo kimoja peke yake hakiwezi. Picha hukupa sura ya mtu. Leso hukupa rangi alizozipenda, na mwandiko hukupa sauti yake.

Usidhani kwamba huu ni mchezo wa watoto wasio na kazi. Mnamo 1912 Pablo Picasso, mchoraji maarufu aliyekuwa akiishi Ufaransa, alibandika kwenye mchoro wake kipande cha kitambaa cha mpira chenye chapa ya ukili wa kiti, akauzungushia mchoro huo kamba badala ya fremu. Tangu wakati huo wasanii wa nchi nyingi wamekuwa wakikata na kubandika bila ya kuomba radhi.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya. Kule Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993. Alijifunza mwenyewe kupiga picha, akafungua studio, akapata sifa kwa jinsi alivyokuwa akikata picha za wateja wake na kuziunganisha na picha nyingine hadi zikawa kitu kipya. Katika miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na magorofa, yakapambwa kwa maua ya plastiki. Kibarua aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama mbele ya pazia hilo, akapigwa picha, akaipeleka nyumbani kwa posta, na mamaye akaona kwamba mwana amefika mbali.

Hapa Nairobi alizaliwa Wangechi Mutu mwaka wa 1972. Kazi zilizomfanya ajulikane duniani alizitengeneza kwa kukata magazeti ya mitindo na kurasa za vitabu vya zamani vya udaktari, akavichanganya na wino na rangi. Mnamo 2019 sanamu zake nne ziliwekwa kwenye uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Naye Cyrus Kabiru, aliyelelewa Nairobi mkabala na jaa la takataka, hutengeneza miwani ya ajabu kwa vyuma na nyaya zilizotupwa, kisha akaivaa na kupigwa picha nayo. Hao wote, msomaji, walianza na vitu ambavyo mimi na wewe huvifagia kila asubuhi.

Muda hutengwa, hauokotwi

Sasa turudi kwenye lile swali la rafiki zangu. Nitakusimulia juu ya Mmarekani mweusi aliyeitwa Romare Bearden, aliyezaliwa 1911 katika jimbo la North Carolina na kufariki 1988. Kwa miaka mingi Bearden alikuwa mwajiriwa wa idara ya ustawi wa jamii ya jiji la New York. Mchana kazi yake ilikuwa kuzihudumia familia zenye shida. Sanaa yake aliifanya jioni na siku za mapumziko. Kolaji zilizomletea sifa, yaani picha za kukata na kubandika, alianza kuzitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 50, na kazi ya idara aliiacha mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Mtu huyo hakungoja kustaafu ndipo ashike mkasi.

Wengi wetu hukosea pale tunapoingoja siku nzima ya faragha. Siku hiyo haiji. Ikija, kuna arusi, kuna mchango wa matibabu, kuna nguo za wiki nzima. Mimi nimeona kwamba kazi hii ikikatwa vipande vidogo huingia ndani ya wiki ya kawaida bila ya mtu kusukumwa. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Kwangu tumeigawa kazi mara tatu. Kuchagua picha nakufanya ndani ya matatu jioni, magari yakiwa yamesimama. Badala ya kusoma vituko vya watu nisiowajua, nazitazama picha za wiki, nafuta zile zilizojirudia, naiacha moja tu. Jumatano, maharagwe yakiwa jikoni, tunakata. Jumamosi kabla ya taarifa ya habari tunabandika na kuandika. Kila kipande ni robo saa.

Piga hesabu. Robo saa mara tatu kwa wiki ni dakika 45. Kwa wiki 52 utakuwa umepata saa 39, yaani zaidi ya siku moja na nusu, usiku na mchana. Na ikiwa kila wiki inakupa ukurasa mmoja, mwaka ukiisha una kurasa 52, na hicho ni kitabu kamili.

Siri ya pili ni kuwa na boksi. Ukihitaji kutafuta mkasi kwa dakika kumi, kisha gundi kwa dakika tano, robo saa yako imekwisha. Sisi tuna boksi la viatu ambamo mna mkasi, gundi, penseli, sindano na uzi, na bahasha ya vipande: tikiti za basi, karatasi za peremende, vipande vya leso, kadi za mialiko, kurasa za gazeti zenye rangi nzuri. Boksi linakaa chini ya meza. Anayetaka kufanya kazi hulivuta, na muda wake ukiisha hulisukuma palepale.

Mume wangu alipotukuta mara ya kwanza tumezungukwa na vipande vya karatasi, alisimama mlangoni akiwa bado ameshika mkoba. "Mama watoto," akasema, "hii si kazi ya nasari?"

"Baba watoto," nikamjibu, "kama ni ya nasari basi haitakushinda. Shika mkasi."

Akashika. Hivi leo yeye ndiye mkataji wetu mkuu kwa sababu mkono wake hautetemeki, na Jumatano akichelewa kufika huuliza ni nani aliyemkatia kazi yake.

Picha ya siku ya kawaida

Fungua albamu yoyote ya zamani ya jamaa ya Kikenya. Utakuta arusi, ubatizo, mahafali, matanga, na zile za Krismasi zilizopigwa Uhuru Park watoto wakiwa wamevaa viatu vipya. Wakati ule filamu ya picha 36 ilikuwa ghali, kuisafisha kulikuwa gharama nyingine, na kamera yenyewe ilikuwa ya kukodi au ya mpiga picha. Haikuwa rahisi mtu kuipoteza picha moja kwa mama anayekanda unga.

Siku hizi hatuna kisingizio hicho, lakini mazoea yamebaki yaleyale. Tunapiga keki, hatumpigi aliyeioka. Ushauri wangu ni huu: kila wiki piga picha moja ya jambo ambalo hutokea kila wiki. Mikono ikisukuma chapati. Viatu vya shule vikiwa vimepangwa mlangoni. Babu akisoma gazeti huku ameshika miwani badala ya kuivaa. Mtoto akisukwa nywele huku analia. Jambo la kila siku ndilo linaloondoka bila ya kuaga, na likiisha kuondoka ndipo mtu hulitamani.

Katika kupiga, jali mwanga kuliko kamera. Saa sita mchana jua la kwetu, tulio karibu na ikweta, huwa utosini, na macho ya mtu huwa mashimo mawili meusi. Ngoja saa kumi na moja jioni, au piga mapema asubuhi. Ndani ya nyumba, msimamishe mtu karibu na mlango au dirisha, uso wake ukielekea kwenye mwanga. Usimpige akiwa ameupa mwanga mgongo, la sivyo utapata kivuli chenye masikio. Kisha songa mbele hatua mbili. Picha nyingi za nyumbani zina dari, sakafu na pazia, na mtu mwenyewe ni mdogo kama kisoda.

Na usipige mara arobaini. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, aliyefariki 2001, alikuwa seremala kabla ya kufungua studio yake mwaka wa 1948. Pazia lake la nyuma lilikuwa shuka ya kitanda chake. Kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Alimtazama kwanza, akamgeuza bega, akamtengeneza mkono, ndipo akabonyeza. Picha hizo leo zimo katika majumba makubwa ya makumbusho. Kutazama vizuri kabla ya kubonyeza hakugharimu hata senti.

Tahadhari kabla ya kukata

Kabla ya kushika mkasi, yako mambo machache ya kuzingatia. Kwanza, usiikate kamwe picha asili ambayo haina nakala. Ipige kwa simu au itoe fotokopi, ukate nakala hiyo. Fotokopi nzuri ya rangi nyeusi na nyeupe hudumu na haina gharama kubwa, na kwa kazi ya mseto mara nyingi hupendeza kuliko picha yenyewe, kwa sababu inakubali kuchorwa juu.

Pili, andika majina. Nyuma ya picha tumia penseli laini bila kukandamiza, kwa sababu kalamu ya wino ikikandamizwa huacha alama inayoonekana hata mbele. Andika ni nani, ni wapi, ni mwaka gani, na ni nani aliyepiga. Huyo wa mwisho husahauliwa daima, na mara nyingi ndiye baba au mama ambaye haonekani katika picha hata moja.

Tatu, karatasi ya gazeti ni nzuri kwa rangi na herufi, lakini hugeuka manjano upesi, hasa ikipigwa na jua, na ikigusana na picha kwa miaka mingi huweza kuichafua. Iweke mbali kidogo na uso wa mtu. Gundi ya unga wa ngano ni rahisi kupika lakini huwaita wadudu. Gundi nyeupe inayotumiwa na maseremala ni salama zaidi, nayo inatosha kupakwa kidogo tu.

Nne, kama unazo zile albamu za miaka ya 1980 na 1990 zenye kurasa za kunata na nailoni juu, anza nazo mapema. Gundi yake hukauka na kuzing'ang'ania picha, na rangi hubadilika. Usizibandue kwa nguvu. Zipige picha zikiwa palepale kwanza, kisha jaribu kuzitoa polepole kwa kupitisha uzi mwembamba chini yake. Aidha, msomaji wa Mombasa au Malindi akumbuke kwamba unyevu wa pwani huleta kuvu. Weka vitabu vyako mahali pakavu, mbali na ukuta, na uvifungue mara kwa mara vipate hewa.

Watoto na wanafunzi

Wazazi waliopitia mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, watakumbuka somo la sanaa na kazi za mikono. Tulibandika maganda ya mayai na punje za mahindi tukatengeneza picha, na tulifinyanga udongo hadi mashati yakatia aibu. Leo watoto wetu walio katika mtaala wa umilisi wanaletewa kazi kama hizo, na mara nyingi huzikumbuka saa tatu usiku, duka limefungwa. Hapo ndipo manung'uniko huanza: "Mwalimu anataka maganda ya mayai ya nini tena?"

Jaribu kuipokea kazi hiyo kama robo saa yako. Ukiwa na boksi chini ya meza, usiku huo hautakuwa wa fujo. Zaidi ya hayo, mtoto anayekata uso wa babu yake kutoka kwenye nakala huuliza maswali ambayo mtoto anayepitisha kidole kwenye simu hayaulizi. Kwa nini babu ana kovu hapa? Huyu aliyesimama naye ni nani? Gari hili lilikuwa letu? Usiogope kujibu, na pale usipojua, mpigieni simu anayejua. Swali la mtoto ndilo linalomfungua mzee mdomo.

Nanyi wanafunzi wa vyuo, msidhani kwamba haya ni ya wenye sebule. Chumba cha bweni kina meza, na daftari la kurasa 96 linatosha. Bandika risiti ya chakula cha kwanza ulichojinunulia mwenyewe, tikiti ya basi iliyokuleta mjini, picha ya rafiki mliyelala naye chumba kimoja, na maneno mawili matatu aliyokuwa akipenda kusema. Mkimaliza masomo mtatawanyika, mmoja Kisumu, mwingine Garissa, mwingine ng'ambo. Daftari hilo mtalitafuta siku ambayo hamtakumbuka hata namba ya chumba.

Wapo watakaosema kwamba kazi zao hazipendezi. Si neno. Ukurasa wa kwanza wa binti yangu ulikuwa na gundi nyingi kuliko picha, na kuku wake ana miguu mitatu hadi leo. Hakuna aliyewahi kulalamika. Anayefungua kitabu cha jamaa huwatafuta watu wake, naye akiwaona hutosheka.

Leo ni Jumapili, na nyumba nyingi zitatembelewa na wazee au zitakwenda kuwatembelea. Msomaji wangu, baada ya chakula, mtoe mzee wenu nje karibu na mlango, jua likishaanza kushuka. Mwache azungumze, na pale atakapocheka, mpige picha moja. Kisha muulize anacheka nini, ukaandike jibu lake jinsi alivyolitamka. Hiyo ni nusu ya ukurasa tayari, na robo saa bado haijaisha.